Runinga ya Baba: Historia Fupi kwa Anayetaka Kununua HD



Kila Desemba nikifika nyumbani Kwa Vonza, swali ni lile lile. Watu wakishajua kwamba umesomea kompyuta, basi kwao wewe ni fundi wa simu, wa printa, wa redio na wa runinga pia. Mwaka jana aliniuliza mzee mmoja jirani yetu: "Kijana, nataka TV ya HD. Moja tu, nisinunue tena maishani. Ninunue gani?"

Zamani nilikuwa nikijibu kwa kutaja inchi na pikseli. Jibu hilo halikumsaidia mtu. Pikseli unaweza kuzihesabu ukiwa dukani, lakini mzee yule alikuwa akiniuliza habari za miaka kumi ijayo. Nani anajua ya miaka kumi ijayo? Ninachoweza ni kutazama miaka kumi na mitano iliyopita na kuona ni nini kilichokufa mapema na ni nini kilichodumu. Bahati nzuri ushahidi uko sebuleni kwa mama yangu, umefunikwa kitambaa cha kufuma.

Enzi ya Great Wall

Kwa wasiopajua, Kwa Vonza ni soko lililo kando ya barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui. Siku hizi wengi wanapajua kwa sababu ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, ambacho kilianza 2008 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi na kupata hati yake 2013. Nilipokuwa mdogo palikuwa na maduka machache, vumbi na mbuzi.

Runinga yetu ya kwanza ilikuwa Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari. Betri ilipoisha ilibebwa kwa baiskeli hadi sokoni kuchajishwa, na ikirudi tulikuwa tukiibania: taarifa ya habari na mpira, basi. Antena ilifungwa kwenye mti mrefu. Mmoja wetu alikuwa nje akiuzungusha, mwingine ndani akipiga kelele: "Hapo hapo! Ah, umeharibu! Rudisha!"

Kifaa kile kilikuwa na sifa moja ambayo sikuithamini hadi nilipoanza kuandika programu. Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, mtambo wa kurushia ukiwa Limuru. Mwaka 1964 serikali ililichukua shirika la utangazaji likaitwa Sauti ya Kenya, VoK, na mwaka 1989 likarudia jina la KBC. Mwaka 1990 ikaja KTN, kituo cha kwanza cha kibinafsi. Katikati ya hayo yote ikaja rangi. Lakini rangi ilipokuja, wenye runinga nyeusi na nyeupe hawakulazimika kuzitupa.

Sababu iko kwenye ufundi wenyewe. Mfumo wa rangi uliotumika kwetu unaitwa PAL, na ulitolewa na Mjerumani Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken mwaka 1963. Katika PAL, mwangaza wa picha unasafiri peke yake na rangi inabandikwa juu yake. Runinga mpya inasoma vyote viwili. Runinga ya zamani inasoma mwangaza tu, rangi haijui na wala haisumbuki. Ndiyo maana Great Wall yetu ilionyesha vituo vya rangi bila shida. Analogi iliishi Kenya kuanzia 1962 hadi 2015, miaka 53, na muda wote huo kilichokuja kipya hakikukiua cha zamani. Wazee wetu walizoea hivyo. Kwao runinga ilikuwa kama jembe: ukinunua nzuri, umenunua.

Ndengu, tangi na inchi 32

Mvua za Oktoba hadi Desemba 2009 zilikuwa nzuri kwetu, na mwanzoni mwa 2010 tulivuna ndengu kuliko kawaida. Baba aliuza magunia, na pesa zilipofika nyumbani zilikuta mipango miwili inazingoja. Mama alitaka tangi la lita 5,000 na mifereji ya kukinga maji ya paa. Baba alitaka runinga. Kombe la Dunia lilikuwa linachezwa Afrika Kusini mwezi wa Juni, mara ya kwanza katika bara letu, na umeme ulikuwa umeshatufikia. Baba alishinda.

Lakini sitaki mumwone baba kama mtu aliyerukia mambo. Alikuwa amesikia redioni kwamba tarehe 9 Desemba 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya dijitali jijini Nairobi, na kwamba siku moja analogi ingezimwa. Kwa hiyo alipoingia dukani swali lake la kwanza lilikuwa: "Hii itaingia dijitali?" Muuzaji akamwonyesha stika mbili pembeni mwa skrini. Moja iliandikwa HD Ready, nyingine DVB-T. Akamwambia, "Mzee, hii ni dijitali tayari. Hutahitaji kitu kingine." Baba alilipa Sh38,000, akairudisha nyumbani kwa matatu akiwa ameipakata kama mtoto.

Tulipoiwasha, picha ilikuwa mbaya kuliko ya Great Wall. Nyuso zilikuwa pana kama maboga na kila kitu kilikuwa na ukungu. Tulidhani ni antena.

Haikuwa antena. Picha ya analogi ya PAL ina mistari 625, na inayoonekana ni 576 tu. Umbo lake ni karibu mraba, nne kwa tatu. Skrini yetu mpya ilikuwa na mistari 768 na umbo la kumi na sita kwa tisa. Kwa hiyo kila picha ilivutwa pande zote ili ijae, mfano wa kuvalisha shati la mtoto kwa mtu mzima. Kwenye inchi 14 kasoro hazikuonekana. Kwenye inchi 32 zilijitokeza zote. Na ile stika ya HD Ready, iliyoanza kutumika Ulaya mwaka 2005, ilikuwa na maana moja tu: skrini hii ina mistari isiyopungua 720 na inaweza kupokea picha ya HD ikiletewa. Haikuahidi kwamba kuna mtu atakayeileta. Kombe lile lilipigwa picha kwa HD, hata mechi 25 zilipigwa kwa 3D, lakini lilipofika Kwa Vonza lilikuwa limeshuka hadi mistari 576 kama kawaida.

Hata hivyo tarehe 2 Julai 2010 nusu ya majirani walikuwa kwetu kuitazama Ghana na Uruguay. Mkono wa Suárez tuliuona vizuri tu, HD au si HD.

Mwaka uliofuata, 2011, ukame ukaja. Mama alikuwa akitoka kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, anaweka mitungi chini, anaitazama ile runinga, na hasemi kitu.

Aprili 2015

Huku nyuma makataa yalikuwa yanakaribia. Mwaka 2006 nchi nyingi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana mjini Geneva, chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 masafa ya runinga ya analogi katika sehemu kubwa ya eneo hilo hayatalindwa tena. Tanzania ilitangulia: Dar es Salaam ilizima analogi tarehe 31 Desemba 2012. Kenya ilipanga tarehe na kuziahirisha, kisha mambo yakaingia mahakamani. Makampuni makubwa ya habari yalitaka leseni ya kurusha matangazo yao wenyewe na muda zaidi. Kesi ilipanda kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilitoa uamuzi wake Septemba 29, 2014. Hata baada ya hapo mvutano uliendelea. Tarehe 14 Februari 2015 NTV, KTN, Citizen na QTV zilitoweka hewani, na zikakaa karibu wiki tatu kabla ya kurudi mwanzoni mwa Machi. Upande wetu wa Kitui ulikuwa katika awamu ya mwisho ya kuzimwa, mwishoni mwa mwezi huo.

Mimi nilikuwa shule ya bweni. Nilipofunga Aprili nilikuta skrini ina nukta nyeupe zinazorukaruka kama kumbikumbi. Baba hakuwa na wasiwasi. "Hii ni dijitali," akasema, "wewe tafuta tu stesheni." Nikabonyeza kitufe cha kutafuta upande wa dijitali. Mstari ukatembea kutoka asilimia 0 hadi 100. Chaneli zilizopatikana: 0. Nikarudia. 0. Nikapanda juu ya paa, nikageuza antena, nikarudia tena. 0.

Baba aliketi kwa muda, kisha akasema, "Nilidanganywa." Wiki iliyofuata alitoa Sh3,000 nyingine akanunua king'amuzi. Picha ikaja, tena safi. Lakini kwa miaka mingi kila alipowasha runinga ile alimkumbuka yule muuzaji, na mama alilikumbuka tangi.

Muuzaji hakudanganya

Nami niliamini hivyo hadi nilipofika chuo kikuu na kusoma somo la mawasiliano ya dijitali. Siku moja niliweka tarehe mbili kando kando. DVB-T ni mfumo wa mwaka 1997. Kenya ilizindua dijitali Desemba 2009 kwa kutumia DVB-T hiyo hiyo. Maana yake, siku baba alipoingia dukani mwanzoni mwa 2010, stika ile ilikuwa ya kweli kabisa. Runinga ile ilikuwa tayari kwa dijitali ya Kenya ya siku ile.

Kilichotokea ni kwamba mwaka huo huo wa 2009 ulitoka mfumo mpya, DVB-T2, na haukupita muda mrefu Kenya ikahamia huko. Lini mfumo wa kwanza ungefika kwetu? Haukufika kamwe. Kipokezi cha DVB-T kilichomo ndani ya runinga ya baba hakijawahi kushika hata chaneli moja.

Msomaji atauliza: kwa nini T2 haikufanya kama PAL, ikawaacha wa zamani waendelee kuona? Jibu ni kwamba faida yake yote ilitokana na kubadilisha msingi. Mawimbi yakisafiri hewani yanapokea kelele, kwa hiyo mrushaji anaongeza taarifa za ziada zinazomsaidia mpokeaji kurekebisha makosa. T2 ilibadilisha hesabu za urekebishaji huo, ikatumia aina ya msimbo unaoitwa LDPC. Msimbo huo ulibuniwa na Robert Gallager, Mmarekani wa chuo cha MIT, na makala yake yalichapishwa mwaka 1962, mwaka ule ule runinga ilipoanza Kenya! Ulikaa karibu umesahaulika kwa sababu kompyuta za wakati huo hazikuwa na nguvu ya kuutumia. Chipu zilipopata nguvu, ukafufuliwa. Faida yake ni kubwa: Uingereza, katika upana ule ule wa masafa, DVB-T ilibeba megabiti 24 hivi kwa sekunde na T2 ikabeba 40. Lakini chipu ya T haina hesabu hizo, na huwezi kuipelekea programu mpya kwa sababu zimechongwa ndani ya chipu yenyewe.

Je, Kenya ilikosea kuhama? Sidhani. Masafa ni kama shamba, hayaongezeki, na T2 inapanda mazao mengi zaidi kwenye ekari ile ile. Kama ningekuwa mhandisi mezani ningepiga kura hiyo hiyo. Ila nchi ilipopata faida, gharama ililipwa na waliowahi kuitikia wito, walioambiwa "jitayarisheni" wakajitayarisha. Aliyepuuza tangazo la 2009 na kungoja hadi 2015 hakupoteza kitu. Baba, aliyesikiliza redio na kuuliza swali sahihi dukani, ndiye aliyelipa mara mbili. Sisi tunaoandika programu tunafanya hivi kila siku: tunabadilisha mfumo, tunasema umeboreshwa, na hatumwoni mtu aliye upande wa pili akibonyeza kitufe na kupata 0.

Nilimweleza baba hayo yote, pamoja na tarehe. Alisikiliza hadi mwisho, akasema polepole, "Kwa hiyo yule mtu hakuniibia." Niliona kitu kimemshuka kifuani. Mama, aliyekuwa akichambua ndengu pale karibu, akasema bila kuinua kichwa, "Sawa. Lakini tangi halibadilishiwi mfumo." (Tangi lilinunuliwa 2019, kwa mshahara wangu wa kwanza.)

Kinachokufa kwanza

Sasa tazama jambo hili. Runinga ile bado inafanya kazi. Skrini ya 2010 imeshapokea picha kutoka kwa analogi, kisha king'amuzi cha T2, na sasa kijiti cha intaneti nilichokichomeka nyuma. Vya kupokea vimebadilika mara mbili, skrini ni ile ile.

Si kwetu tu. Mwezi ule ule wa Aprili 2015 YouTube ilifunga mlango wake wa zamani wa programu, na runinga nyingi za intaneti za 2012 kurudi nyuma zikapoteza YouTube zikiwa bado nzima. Desemba 2019 Netflix ikaacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za Samsung za 2010 na 2011. Runinga za 3D zilisifiwa sana 2010, na kufikia 2017 LG na Sony walikuwa wameacha kuzitengeneza. Kwa upande mwingine, tundu la HDMI lilitolewa mwaka 2002, na kifaa kipya cha leo bado kinachomekwa kwenye runinga ya baba na kuonyesha picha. HDMI ilifuata tabia ya PAL: kipya kinamheshimu wa zamani.

Basi ununue nini?

Hili ndilo jibu nililompa yule mzee.

Kwanza, lipia skrini, usilipie ahadi. Tazama picha yenyewe, pembe zake, rangi nyeusi inavyoonekana, sauti na dhamana. Programu zilizomo ndani zichukulie kama zawadi itakayoisha.

Pili, hesabu matundu ya HDMI. Matatu ni bora kuliko mawili. Hayo ndiyo mlango wa kila kitu ambacho hakijabuniwa.

Tatu, kipokezi cha ndani kiwe DVB-T2, si DVB-T. Herufi moja na tarakimu moja, na sasa unajua bei yake. Kikiwa kinasoma picha za H.264 na H.265 ni vizuri zaidi. Mwombe muuzaji achomeke antena na kutafuta stesheni mbele yako. Stika haitoshi.

Nne, pima sebule kabla ya kuhesabu pikseli. Jicho zima lina kikomo. Kwa Full HD ya inchi 43, ukikaa mbali zaidi ya mita 1.7 hivi huwezi tena kutenganisha pikseli moja na jirani yake. Kwa inchi 55 ni kama mita 2.2. Kwa hiyo ukiwa na inchi 43 na kochi liko mita tatu kutoka ukutani, 4K haitakuonyesha kitu ambacho Full HD haikuonyeshi. Siku hizi runinga kubwa nyingi ni 4K hata hivyo, nunua tu, ila usiongeze pesa ukidhani macho yatafaidi.

Tano, kama king'amuzi au kijiti cha elfu chache kinaweza kufanya kazi fulani, usiinunue kazi hiyo ndani ya runinga ya makumi ya maelfu. Kikipitwa na wakati utatupa kidogo na kubaki na kikubwa.

Mzee alinisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo hakuna ya kununua mara moja tu?" Nikamwambia skrini inaweza kuwa mara moja, lakini cha kupokea atanunua tena, na aweke akiba yake kabisa. Na kama nyumbani hakuna tangi, aanze na tangi.

Haya, tukutane wakati mwingine.